Uzi: Loonie wa Ufilipino, FlipTop na mahasimu wake – mistari inavyojengwa na nani alimsukuma wapi

Fundi_Mizani (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila mapambano ya FlipTop, ligi ya Ufilipino ya kutupiana mistari ya rap, yakitajwa, jina la mchanaji Loonie halikosekani, na wengi wanaishia kusema "jamaa ni hatari" bila kueleza hatari yenyewe iko wapi. Uzi huu ni wa kueleza hilo.

Loonie ni Marlon Peroramas. Kabla ya FlipTop alikuwa Stick Figgas, kundi moja na Ron Henley, kwa hiyo aliingia uwanjani akiwa tayari anajua kuandika wimbo mzima. FlipTop yenyewe ilianzishwa na Alaric Yuson, jina la jukwaani Anygma, na tamasha la kwanza lilifanyika Februari 2010. Kiolezo kilitoka Marekani, kwenye ligi ya Grind Time. Wachanaji wawili wanasimama uso kwa uso bila biti, mistari wameiandika nyumbani kwa ajili ya mpinzani mmoja tu, kisha video inapandishwa YouTube.

Hilo la kukosa biti watu hulipita haraka, lakini ndilo lililoibeba ligi. Bila muziki wa mtu mwingine hakuna wa kudai haki miliki kwenye video. Bila biti pia hakuna pa kujificha. Kwenye wimbo, ngoma inaweza kuubeba mstari dhaifu hadi kiitikio. Hapa mstari dhaifu unafuatwa na ukimya, na ukimya unasikika kwenye video miaka yote.

Utaratibu ni raundi tatu kwa kila mmoja. Sarafu inarushwa, na anayeshinda anachagua nani aanze. Pambano likiwa la kuhukumiwa, majaji ni idadi ya witiri, na mara nyingi ni wachanaji wenyewe. Karibu kila anayeshinda sarafu humwachia mwenzake aanze. Wa pili anaweza kujibu hoja za mwenzake katika raundi zote tatu, wa kwanza anajibu mbili tu, na alichoambiwa mwishoni anaondoka nacho. Kwa mtu kama Loonie, ambaye majibu ya papo kwa papo ni silaha yake kubwa, kusimama wa pili ni faida unayoweza kuihesabu.

Bi_Kina

Uzi mzuri, mkuu. Naongezea chimbuko, maana ukianza na 2010 utadhani Wafilipino waligundua kutupiana madongo juzi.

Rap ya Kitagalog, lugha yao kubwa, ilianza kurekodiwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Dyords Javier na Vincent Dafalong, ikiwa na sura ya vichekesho. Mwaka 1990 ukapasua mambo. Francis Magalona alitoa albamu ya *Yo!*, yenye "Mga Kababayan" ndani yake, mistari ya uzalendo iliyowaambia watu wajivunie kwao. Mwaka huohuo Andrew E. akatoka na "Humanap Ka ng Panget", akiwashauri wanaume watafute mwanamke mwenye sura mbaya. Wazo lenyewe lilitoka kwenye wimbo wa Kimarekani wa Cash Money & Marvelous.

Majibu hayakuchelewa. Michael V. akajibu na "Maganda ang Piliin", yaani chagua aliye mzuri, na jibu hilo likamfungulia mlango wa umaarufu. Hata leo Wafilipino wengi wanamjua zaidi kama mchekeshaji wa televisheni.

Kwa hiyo njia zilikuwa mbili tangu mwanzo. Moja ni ya Francis M., mistari yenye ujumbe wa taifa. Nyingine ni ya Andrew E., utani wa mtaani wenye maneno ya kupindishwa, na baadaye akaifungulia lebo, Dongalo Wreckords, jina linalotoka Don Galo, Parañaque. Francis M. alifariki Machi 2009 kwa saratani ya damu, akiwa na miaka 44, miezi kumi na moja kabla ya FlipTop kuanza. Hakuiona. Lakini ukimsikiliza Loonie vizuri unasikia njia zote mbili ndani ya raundi moja: anacheka nawe mistari minane, kisha anageuka kukusomea hali ya nchi.

Kocha_Jukwaa

Dada Bi_Kina umegonga penyewe. Na hiyo 1990 inaonyesha kasoro ya bifu la studio: mtu anajibu baada ya miezi, wimbo unatangazwa redioni, na mshindi anaamuliwa na mauzo. FlipTop imeondoa miezi. Jibu linatakiwa ndani ya sekunde kumi.

Sasa mahasimu. Zaito ndiye wa kwanza wa kutajwa, 2010. Zaito silaha yake ni kuchekesha. Sauti, uso, mpangilio wa maneno usiotarajiwa, umati unaangua kicheko kabla hajamaliza sentensi. Mchanaji wa vina vizito akikutana na mchekeshaji anaumia kwa njia mbili. Kwanza, watu wakishacheka wanataka kuendelea kucheka, na mistari yako mizito inapita masikio yakiwa bado kwenye kicheko. Pili, ukikasirika umeisha. Loonie hakukasirika. Aliingia kwenye uchekeshaji huohuo, akauweka juu ya vina vya silabi nyingi, na akashinda. Video ile ni mojawapo ya zilizoitangaza ligi nchi nzima.

Kisha Dello. Huyu ni hatari ya aina nyingine, kwa sababu anachekesha NA anaandika. Kwa Zaito ungeweza kusema "mimi nina ufundi". Kwa Dello hoja hiyo haipo.

mtoto_wa_pwani

Wakubwa, swali. Sisi tuna mizani na vina, shairi nane kwa nane, na washairi wa zamani kama Muyaka walijibizana kwa tungo. Hao Wafilipino lugha yao ina kitu kama hicho au ni rap ya Kimarekani tu iliyotafsiriwa?

Fundi_Mizani

Wanacho, na ni cha kale. *Florante at Laura* ya Francisco Balagtas, iliyochapishwa 1838, ina beti 399. Kila mstari una silabi 12 na pumziko baada ya ya sita, mistari minne kwa ubeti, kina kimoja. Mtu aliyezoea utenzi na shairi atajisikia nyumbani.

Kina chao lakini ni kingine. Sisi tunataka silabi ya mwisho ifanane kamili. Wao kwa kanuni ya zamani wanaangalia irabu, kisha konsonanti inayofunga neno wanaiweka kwenye makundi mawili. Kundi la kwanza ni b, k, d, g, p, s, t. La pili ni l, m, n, ng, r, w, y. Kwa hiyo "lakas" (nguvu) na "dagat" (bahari) vinaoana, na "ulan" (mvua) na "mahal" (mpenzi) vinaoana. Ila "mata" (jicho) na "bata" (mtoto) kwa kanuni hiyo havioani, kwa sababu "bata" inakatwa kooni mwishoni na "mata" haikatwi. E na i zinahesabika moja, o na u moja.

Ukilijua hilo, unaelewa kwa nini vina vya silabi nyingi vimekubali upesi kwenye Kitagalog. Sikio lao tayari limefunzwa kufuata irabu. Loonie anachukua mnyororo wa irabu tano au sita, tuseme a-a-i-a-o, anaurudia mstari kwa mstari kwa maneno tofauti kabisa, na maana haiyumbi. Wengi wanaweza kupanga mnyororo. Wachache wanaupanga ukasikika kama mazungumzo ya kawaida.

Mtego upo. Kitagalog kina viambishi vya mwisho, -in na -an, vinavyobandikwa kwenye vitenzi vingi, kama sisi tulivyo na -ana na -iwa. Mchanaji mvivu anafunga kila mstari kwa kiambishi, anapata kina cha bure, na majaji wanamwona papo hapo. Sikiliza Loonie anavyokimbia viambishi: kina chake kinakaa kwenye mzizi wa neno, kiambishi kinapita kama mkia.

Bi_Kina

Na malumbano rasmi wanayo pia, mtoto_wa_pwani. Tarehe 6 Aprili 1924, Instituto de Mujeres, Tondo, Manila, walifanya balagtasan ya kwanza, jina likitokana na huyohuyo Balagtas. Washairi wawili, José Corazón de Jesús na Florentino Collantes, walibishana kwa beti mbele ya watu, na katikati yao akawepo lakandiwa, anayefungua hoja na kutoa hukumu. Anygma akisimama katikati na kuuambia umati upige kelele, anakaa kwenye kiti kilekile cha lakandiwa. Na baba yake mzazi ni Krip Yuson, mshairi na mwandishi anayejulikana sana kwao. Ushairi ulikuwa nyumbani.

Kocha_Jukwaa

Narudi kwenye mahasimu. Kuna Dos Por Dos, mashindano ya wawili kwa wawili. Loonie alisimama na Abra, na pambano lao dhidi ya Shehyee na Smugglaz ni kati ya video zilizotazamwa zaidi kwenye chaneli nzima.

Wawili kwa wawili ni mchezo mwingine kabisa, na wengi wanaovuma peke yao wanafeli hapa. Mnagawana raundi moja. Mkigawa nusu kwa nusu, yeye mistari yake kisha wewe yako, mmeleta mapambano mawili madogo, siyo timu. Inatakiwa mistari ipokezane: mmoja anatandika hoja, mwingine anaipiga, na neno la mwisho mnalitamka pamoja. Kila makabidhiano ni mahali pa kuanguka. Mmoja akisahau, mwingine lazima awe amehifadhi mistari ya wote wawili, kwa hiyo kazi ya kukariri inakuwa mara mbili ingawa muda wa kusema ni nusu. Smugglaz ana kasi na anaweza kuimba, Shehyee anajua kugonga mambo ya binafsi, hivyo wao walikuwa na rangi mbili zilizotengana. Loonie na Abra wote ni watu wa vina vingi, na hatari yao ilikuwa kusikika kama mtu mmoja. Angalieni walivyokwepa: Abra anachukua sehemu za kasi, Loonie anachukua za kupumua na kupiga.

Abra mwaka 2012 alikuwa na "Gayuma", wimbo uliompeleka kwa watu ambao hata hawajui FlipTop ni nini.

Sauti_Kavu

Kocha, umesahau mkubwa kuliko wote. Tipsy D, Isabuhay 2016.

Kocha_Jukwaa

Sijasahau mkuu, nilikuwa namfikia.

Isabuhay kwanza, kwa wasiojua. Ni mashindano ya mwaka mzima ya mtu mmoja mmoja. Wanaingia 16, ni mtoano, fainali inafanyika Desemba kwenye tamasha la Ahon. Kuchukua ubingwa unahitaji mapambano manne, na kila moja raundi tatu. Raundi 12 mpya. Piga hesabu: raundi ya dakika tatu ni sekunde 180. Mstari mmoja unakula kama sekunde tatu, na kelele za watu zinakula karibu theluthi ya muda. Inabaki kama mistari 40 kwa raundi, 480 kwa ubingwa. Hakuna hata mmoja wa kurudia, kwa sababu pambano lililopita liko YouTube na mpinzani ameshalitazama.

Batas alifanya hivyo mara mbili mfululizo, 2013 na 2014. Ndiyo maana jina lake halitajwi kwa mzaha. Mtindo wake ni wa ukatili, anasimama kama adui wa jukwaa zima, na anakubali umati umchukie.

Loonie alichukua 2016, na njiani akakutana na Tipsy D. Hapa ndipo hasimu wa kweli. Zaito alimlazimisha achekeshe, wale wawili wakamlazimisha awe timu. Tipsy D alimlazimisha aandike kwa uzito wake wote, kwa sababu Tipsy D anarundika maana mbili, tatu ndani ya mstari mmoja, marejeleo juu ya marejeleo, na wengi wanamwelewa baada ya kurudia video. Kwenye karatasi, mstari kwa mstari, anaweza kumshinda mtu yeyote wa ligi.

Lakini ukumbini hakuna kurudia video.

Sauti_Kavu

Hapo tunapishana kidogo. Unasema kama vile kueleweka haraka ni ufundi zaidi ya uzito. Video inatazamwa ukumbi umeshafungwa miaka kumi. Mstari wa Tipsy D unaongezeka thamani kila ukirudia. Wa kuchekesha unapungua.

Fundi_Mizani

Sauti_Kavu ana hoja na haifai kupuuzwa. Ila tazama Loonie anavyofanya, maana hachagui upande. Mstari wake una tabaka la juu ambalo ukumbi mzima unalishika palepale, na tabaka la chini linalosubiri mtazamaji wa pili. Tabaka la juu likishindwa, hata la chini halisikiki, kwa sababu watu wakinyamaza mchanaji mwenyewe anayumba. Majaji nao ni binadamu, wamesimama katikati ya kelele hizo.

Niingie kwenye ujenzi wenyewe, maana ndipo bifu linaposhinda au kushindwa.

Raundi inaandikwa kutoka mwisho. Unatafuta dongo kwanza, neno la mwisho ambalo litapiga, kisha unarudi nyuma kujenga mistari miwili au mitatu ya kuliandaa. Ukianza na maandalizi utafika mwisho ukilazimisha neno. Maandalizi yakizidi mistari sita umati unachoka, na dongo linatakiwa liwe kubwa mara mbili ili kulipia kusubiri huko.

Kabla ya kuandika kuna utafiti. Unatazama mapambano yote ya mpinzani na kuandika kila pembe aliyoshambuliwa: umbo, kundi lake, pambano alilosahau mistari, nyimbo zake. Halafu unafuta zilizokwishatumika. Pembe iliyotumika na watu watatu haipigi tena hata ukiipamba, na mpinzani ana jibu lake mfukoni. Kilichobaki, kwa kawaida pembe mbili au tatu, ndicho unachokigawa kwenye raundi tatu.

Mpangilio nao una sheria yake. Dongo lako la pili kwa ukubwa linafungua raundi ya kwanza, la kwanza linafunga ya tatu. Pia unaacha nafasi mwanzoni mwa kila raundi, mistari minne hivi, kwa ajili ya kujibu alichosema mwenzako. Hiyo nafasi ndiyo wengi hawaiachi. Wanakuja na raundi imejaa hadi shingoni, wanataka kujibu, wanaongeza mistari, muda unawakata kabla ya dongo la mwisho. Loonie anajibu kwa kutumia kina hichohicho alichofunga nacho mpinzani, kisha anaunganisha jibu na mstari wake wa kwanza ulioandikwa, na mshono hauonekani.

mtoto_wa_pwani

Na kusahau? Naona kwenye video wengine wanasimama kimya hadi huruma.

Bi_Kina

Kukwama kuna sababu zinazojulikana. Kubwa ni kukariri kwa kichwa peke yake, umekaa. Mwili haujui mistari. Unafika jukwaani, mikono inatembea, pumzi inabadilika, na kumbukumbu iliyozoea kitanda inapotea. Mistari inakaririwa kwa sauti ya jukwaani, umesimama, na mtu anakupigia kelele makusudi.

Sababu ya pili ni makofi. Umeandika mistari kumi mfululizo, ya nne inapiga, umati unalipuka sekunde nane, na wewe ulikariri bila kituo hapo. Ukisubiri unapoteza uzi, usiposubiri mstari wa tano unazama. Wazoefu wanakariri kwa vipande vya mistari minne na kila kipande kina neno la kuanzia. Wakikwama wanaruka kipande kizima bila kukitafuta kilichopotea. Umati haujui kilichorukwa. Umati unajua ukimya tu.

Ya tatu ni kujibu bila mpango. Umetunga jibu palepale, limepiga, ukafurahi, ukasahau ulikuwa unaanzia wapi.

Sauti_Kavu

Na usiache kitu kimoja kwenye mambo ya Loonie: *Break It Down*. Kipindi chake cha YouTube, anaketi na mgeni, wanatazama pambano na kulisimamisha mstari kwa mstari. Hapa kina kimevunjika, hapa maandalizi ni marefu, hapa angefunga na neno lingine. Anafanya hivyo hata kwa vijana wadogo wa ligi, na anafanya kwa heshima. Mchanaji wa kiwango chake angeweza kuficha siri za kazi. Amezimwaga mezani, na kizazi kilichokuja nyuma, pamoja na watu kama Mhot aliyechukua Isabuhay 2017, kinapambana mbele ya watazamaji waliokwishafundishwa kusikiliza. Kwangu hilo ni kubwa kuliko ubingwa.

Kocha_Jukwaa

Nakubaliana nawe hapo kwa asilimia mia.

Na filamu pia. *Respeto* ya Treb Monteras II, iliyoshinda filamu bora kwenye tamasha la filamu la Cinemalaya 2017. Abra ndiye mhusika mkuu, kijana anayetaka kuwa mchanaji wa mapambano, na Loonie anacheza Breezy G, mbabe wa jukwaa. Kuna mzee mshairi ndani yake. Aliyeelewa maelezo ya Bi_Kina kuhusu balagtasan ataona kwa nini mzee yule yumo.

mtoto_wa_pwani

Kitagalog sijui hata neno. Nianzie wapi ili nisipotee?

Fundi_Mizani

Anza na Loonie na Zaito. Uchekeshaji unaonekana usoni, hauhitaji lugha. Angalia tu umati unapolipuka na rudisha sekunde kumi nyuma, usikilize irabu za mistari mitatu ya kabla.

Kisha pambano la wawili kwa wawili, na fuata makabidhiano: nani anaanza, nani anamaliza, wapi wanatamka pamoja.

Tipsy D mwache wa mwisho. Tazama mara ya kwanza bila chochote, kisha tafuta video yenye manukuu au uchambuzi, kisha rudi mara ya pili. Ukiwa na karatasi, andika neno la mwisho la kila mstari wa Loonie kwa raundi moja tu, kama unavyolisikia, na pigia mstari irabu zake kuanzia nyuma kwenda mbele. Mahali mnyororo unapobadilika ndipo anapobadilisha pembe ya shambulizi, na ukifika raundi ya tatu utakuwa unajua dongo linakuja kabla umati haujajua.